Lenzi ya kwanza ya zumu (ya kuvuta): pima umbali na mwanga kabla ya kutoa pesa

Ukishapata kamera, swali la kwanza dukani huwa "hii inavuta mpaka wapi?" Muuzaji huweka mezani lenzi ndefu kuliko zote alizonazo, na mnunuzi huondoka akiamini kapata kitu cha maana. Siku chache baadaye yuko sebuleni kwa watu, mgongo umegusa ukuta, na bado wanafamilia wawili wamebaki nje ya picha. Usiku ukumbini kila picha ina chenga (punjepunje). Lenzi inaweza kuwa nzima kabisa, ila ilichaguliwa kabla ya kujua itapiga nini, kutoka umbali gani na kwenye mwanga kiasi gani. Mambo hayo hupimwa nyumbani kwa futi kamba na kamera yenyewe, bila gharama yoyote.

Hatua ya 1: Ijue bodi yako (mwili wa kamera)

Anza na maunti, yaani ile pete ya mbele ya kamera ambapo lenzi hujifunga. Kila kampuni ina yake, na nyingine zina zaidi ya moja. Canon za DSLR (kamera zenye kioo ndani) kama EOS 2000D na 250D hutumia EF na EF-S. Canon mpya zisizo na kioo ndani, kama R50 na R10, hutumia RF. Nikon za DSLR hutumia F, na zisizo na kioo hutumia Z. Sony zisizo na kioo hutumia E, na Fujifilm nyingi hutumia X.

Lenzi ya zamani ya EF inaingia kwenye Canon ya RF kwa adapta na otofokasi inafanya kazi vizuri. Lenzi ya RF haiingii kwenye DSLR kwa namna yoyote. Sababu ni umbali kutoka maunti hadi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: kwa EF ni milimita 44, kwa RF ni 20. Zile milimita 24 zinazobaki ndizo adapta inazijaza. Ukigeuza upande, hakuna nafasi ya kuweka kitu. Kwa Nikon ni vivyo hivyo, 46.5 kwa F na 16 kwa Z. Kwa hiyo mwenye DSLR asishawishiwe kununua lenzi ya RF au Z "kwa ajili ya baadaye".

Kisha angalia mota ya fokasi. Hapa wenye Nikon ndogo huumia sana. D3500, D5600 na ndugu zake wa mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani ya bodi. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D tu itafunga vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono maisha yako yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P. Na AF-P nayo ina sharti lake: haifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D3100, D3200 na D5100, na D3300 na D5300 zinahitaji kwanza programu ya ndani isasishwe. Ukiwa na bodi ya zamani, chukua AF-S, usibahatishe.

Mwisho, ukubwa wa sensa. Kamera nyingi za kwanza zina sensa ya APS-C, yenye upana wa karibu milimita 23.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, na 22.3 kwa Canon. Sensa ya fremu kamili ina 36. Andika namba ya kamera yako mahali, tutaitumia sasa hivi. Lenzi zilizotengenezwa kwa APS-C hutambulika kwa alama: DX kwa Nikon, EF-S na RF-S kwa Canon, DC kwa Sigma. Lenzi ya EF-S ina alama ya mraba mweupe kwenye maunti na haifungi kwenye Canon ya DSLR yenye fremu kamili. Ya EF ina nukta nyekundu na hufunga kwenye zote mbili.

Hatua ya 2: Pima umbali

Hesabu ni moja tu:

upana wa eneo litakaloingia kwenye picha = umbali × upana wa sensa ÷ milimita za lenzi

Milimita za lenzi ni zile namba zilizoandikwa juu yake, kama 18-55mm: ndogo huona pana, kubwa huvuta karibu. Umbali uweke kwa mita, na jibu litatoka kwa mita. Chukua mfano wa picha ya familia. Watu kumi waliosimama mstari mmoja wanachukua karibu mita 5, na ukiacha nusu mita kila upande unahitaji mita 6. Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye sensa ya 23.5, lazima usimame mita 4.6 kutoka kwao. Kwa milimita 24 inakuwa mita 6.1, na kwa 28 inapita mita 7. Sebule nyingi hazina mita 7. Hii ndiyo sababu lenzi kama 28-80 au 28-105, zilizotengenezwa enzi za filamu na ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia, hazifai kuwa lenzi pekee kwenye APS-C. Kwenye filamu 28 ilikuwa pana. Kwenye sensa ndogo inabaki kuwa ya kawaida tu.

Sasa geuza hesabu ili upate milimita unazohitaji: umbali × upana wa sensa ÷ upana unaotaka. Umekaa mita 12 kutoka jukwaa la maharusi na unataka wawili wale wajaze fremu, yaani upana wa mita 2. Mara 12 kwa 23.5, gawa kwa 2, unapata milimita 141. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera haifiki hapo. Lakini jiulize pia kama kweli utakuwa umekaa mita 12. Mpiga picha aliyealikwa rasmi husogea mpaka mita 4 kutoka kwa maharusi, na hapo 47 inatosha. Mgeni aliye mezani kwake hana ruhusa hiyo. Ukumbi ni ule ule, ila watu hawa wawili wanahitaji lenzi tofauti.

Kwenye mpira, mchezaji aliye mita 30 kutoka ulipo, kwa milimita 250, anakaa kwenye eneo la mita 2.8. Ukisimamisha kamera wima unampata kuanzia kichwa hadi viatu na nafasi inabaki. Akiwa katikati ya uwanja, mita 55, eneo linapanuka hadi mita 5.2 na picha utaikata baadaye. Hifadhini mambo hubadilika kwa kila mnyama. Tembo aliye mita 25 hahitaji 250, kwa sababu utapata kichwa na mkonga tu; mwili mzima unahitaji kama 85. Ndege wa ukubwa wa njiwa kwa mita 15 atachukua robo tu ya upana wa picha hata ukivuta hadi 250. Anayetaka ndege kwa dhati aanze kufikiria 400 na kuendelea, ambayo ni gharama nyingine kabisa.

Kama una lenzi ya 18-55 tayari, kuna kipimo kingine kizuri. Fungua picha 100 ulizopiga hivi karibuni, bonyeza INFO au DISP kwenye kamera, au fungua maelezo ya picha kwenye kompyuta, usome milimita. Zikiwa nyingi zimegota kwenye 55, unakosa urefu. Zikigota kwenye 18, unakosa upana, na lenzi ndefu haitakusaidia chochote. Zikitawanyika katikati na unachochukia ni chenga na picha kutikisika, tatizo lako ni mwanga.

Hatua ya 3: Pima mwanga

Kwenye lenzi kuna maandishi kama 18-55mm 1:3.5-5.6. Namba mbili za mwisho ni tundu kubwa kabisa ambalo lenzi inaweza kufungua: f/3.5 ikiwa pana, f/5.6 ukivuta hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga huongezeka mara nne. Lenzi iliyoandikwa 1:2.8 peke yake hushikilia tundu hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kuvuta, na hicho ndicho unacholipia.

Nenda mahali unapopiga picha mara nyingi, saa ile ile unayopiga. Weka kamera kwenye A, au Av kwa Canon, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi. Vuta lenzi hadi 55, weka f/5.6, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200, elekeza kwa mtu, bonyeza kitufe nusu na usome kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga huingia.

Ikisoma 1/200 au zaidi, lenzi ya kawaida inatosha mahali hapo. Ikisoma 1/50, mtu aliyetulia atatoka vizuri lakini anayecheza muziki atafutika mikono, na hapo f/2.8 inakufikisha 1/200 bila kugusa ISO. Ikisoma 1/15, hata f/2.8 itakupa 1/60 tu. Kwa giza la namna hiyo usitupe pesa kwenye zumu ukitegemea muujiza. Nunua flashi, au lenzi moja isiyovuta kama 50mm f/1.8, ambayo huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6 na huwa ya bei nafuu.

Kwa watoto wanaokimbia na mpira, lenga 1/500 kwenda juu, na kama jua linaruhusu fika 1/1000. Mechi ya saa kumi jioni ina mwanga wa kutosha kwa f/5.6. Mechi chini ya taa za uwanja wa mtaani haina.

Hatua ya 4: Kituliza mtikisiko

Lenzi ndefu hukuza na mtikisiko wa mikono. Bila msaada, kasi ya shata iwe angalau moja kugawa kwa milimita mara 1.5: kwa 250 ni kama 1/400. Lenzi yenye kituliza hukuruhusu kushuka hadi 1/60 hivi kwa kitu kisichosogea. Canon huita IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm OIS, Sigma OS, Tamron VC. Kituliza hakimzuii mchezaji kukimbia. Kinatuliza mikono yako tu.

Soma jina lote la lenzi, herufi kwa herufi. Nikon AF-P DX 70-300 ipo yenye VR na isiyo na VR, na kwa nje zinafanana. Canon EF 75-300 III, ambayo hufungwa kwenye seti za kamera za bei ya chini, haina IS na ukifika 300 picha hulegea. Tunaishauri kwa nadra sana. EF-S 55-250 IS STM inaizidi kwa ukali, inatulia, fokasi yake haina kelele, na ina uzito wa gramu 375 tu. Hizo milimita 50 unazokosa utazipata kwa kukata picha na bado itakuwa safi zaidi.

Bodi nyingine zina kituliza ndani, kama Canon R7 au Sony a6700. Kamera ndogo kama R50, Nikon Z50 na Sony a6400 hazina, kwa hiyo kwao lenzi ndiyo ibebe kazi hiyo.

Hatua ya 5: Chagua njia moja

Kama kazi yako ni sherehe, mahafali, ibada na familia, ongeza tundu kabla ya urefu. Kwa DSLR, Sigma 17-50 f/2.8 OS ipo kwa Canon na Nikon, ni nzito kidogo, na iliyotumika hupatikana. Kwa kamera zisizo na kioo, Sigma 18-50 f/2.8 DC DN ni ndogo ajabu lakini haina kituliza. Tamron 17-70 f/2.8, ya Sony E na Fujifilm X, inacho na inafika mbali zaidi, ila ina gramu 525. Kati ya hizo mbili, mwenye bodi isiyo na kituliza achukue Tamron.

Kama ni mpira, hifadhi au ngoma za nje mchana, baki na 18-55 yako na uongeze ndefu: 55-250 kwa Canon ya DSLR, 70-300 AF-P VR kwa Nikon ya DSLR, 50-250 VR kwa Nikon Z, 55-210 kwa Sony. Ndani ya gari la safari zima injini kabla ya kupiga, na laza lenzi juu ya mfuko wa mchele wa kilo moja au mbili kwenye dirisha. Injini inayonguruma huharibu picha nyingi kuliko mikono.

Lenzi za 18-200 na zaidi zinabembeleza kwa sababu hubadilishi lenzi, na vumbi haliingii kwenye sensa. Kwa anayesafiri na mfuko mmoja, mchana, zinafaa. Kwa wengine huwa na tundu dogo, pembe za picha zilizolegea na uzito. Ukitaka moja tu ya kila kitu, 18-135 au 18-140 ni makubaliano mazuri zaidi.

Hatua ya 6: Kagua iliyotumika

Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa mtu mliyekutana mtandaoni, utaratibu ni ule ule. Nenda na bodi yako, betri iliyojaa, kadi tupu, tochi, ukurasa wa gazeti na gundi ya karatasi. Nenda mchana. Muuzaji anayekataa usifunge lenzi kwenye kamera amekwisha kukujibu.

Ondoa vifuniko vyote viwili. Mulika tochi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, kwa pembe, ukigeuzageuza. Lenzi nyingi za Nikon F hufunga tundu zikitolewa kwenye kamera, kwa hiyo sukuma kwa ukucha kale kamkono kadogo karibu na maunti ili tundu lifunguke, la sivyo hutaona kitu. Unatafuta kuvu: nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi, mara nyingi zikianzia pembeni mwa kioo. Lenzi zilizokaa Mombasa, Zanzibar, Tanga au Dar kabatini bila kutumika ndizo huathirika zaidi. Kuvu ikionekana, acha. Weupe kama maziwa ulioenea kioo kizima nao ni wa kuacha, kwani picha zitapauka kila taa inapoingia. Punje chache za vumbi ndani ni kawaida na hazionekani kwenye picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele.

Zungusha pete ya kuvuta polepole toka mwanzo hadi mwisho. Isikwame, isilie kama ina mchanga, na mkono wa mbele usichezecheze. Tazama vidole vya shaba vya nyuma kama vimeliwa na kutu.

Funga kwenye kamera. Piga picha kila baada ya kuvuta kidogo, kwanza kwa tundu kubwa kabisa, kisha rudia zote kwa f/16. Jaribio hili wengi hulikosa. Utepe wa umeme unaoendesha tundu ukiwa umekatika, lenzi hupiga vizuri tundu likiwa wazi, halafu hutoa kosa mara tu likitakiwa kufunga. Kwenye Canon utaona Err 01. Kwenye Nikon za DSLR, piga picha kumi mfululizo za f/16: zikitoka nyingine nyeupe kuliko nyingine, majani ya tundu yana mafuta na yanachelewa.

Bandika gazeti ukutani, simama sambamba nalo, weka kamera juu ya kitu imara na kipima muda cha sekunde 2, zima kituliza. Piga kwa upande mpana, katikati na mwisho wa kuvuta, kwa tundu kubwa na kwa f/8. Kuza pembe zote nne. Zikilegea zote kwa usawa tundu likiwa wazi, hiyo ni hali ya kawaida. Upande mmoja ukilegea hata kwa f/8 wakati mwingine uko safi, vioo vya ndani havijakaa sawa: lenzi iliangushwa, au ilifunguliwa na fundi ikarudishwa vibaya.

Kwa DSLR ongeza hili: piga kwa kuchungulia kwenye dirisha dogo la kamera, kisha piga kwa kutazama skrini. Skrini ikitoa picha kali na dirisha likatoa iliyolegea, fokasi ya lenzi na bodi haziafikiani, na kamera ndogo hazina menyu ya kulirekebisha hilo.

Hatua ya 7: Ukifika nayo nyumbani

Namba iliyo karibu na alama ø mbele ya lenzi ni kipenyo cha filta, kwa mfano ø58. Usikimbilie filta ya bei rahisi. Kwenye taa za usiku huzaa vivuli vya mwanga angani. Kinga bora ni kofia ya lenzi, ile ya plastiki inayotangulia mbele, maana hukinga mwanga wa pembeni na pia hupokea kipigo lenzi ikigonga mlango.

Pwani, hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, lile la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli inayobadilika rangi. Weka humo na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Rangi ya silika ikigeuka, imekwisha kunywa maji: ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishe. Vifuko vidogo vya karatasi vinavyokuja na viatu havitoshi. Mkoba wa ngozi wa kamera ndio mahali pabaya zaidi pa kuiweka kwa miezi, kwa sababu hushika unyevu na hauna mwanga wala hewa.

Itoe kila baada ya wiki mbili, ivute mbele na nyuma, uimulike. Nyuzi za kwanza za kuvu zikionekana, itenge na lenzi nyingine siku hiyo hiyo na umpelekee fundi, kwani kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la juu la kioo, na alama hiyo haifutiki hata kioo kikisafishwa.